Biti Nane, Bila Shahidi

Mizani ile ilifungwa kabla sijazaliwa,
kwenye banda la kupokelea majani mabichi, nje kidogo ya Tukuyu.
Mgongoni ina mdomo mmoja tu, wa pini tisa,
uliozoea kusema na kompyuta moja
kwa waya usiozidi urefu wa banda.
Zaidi ya hapo sauti hufia njiani.

Kompyuta yenyewe ilikufa masika ya juzi.
Panya, alisema Ambakisye,
au unyevu. Huku unyevu husingiziwa kila kitu
na mara nyingi ni kweli.
Tangu hapo waya ni yeye:
anaisoma namba, anaitamka, anaiandika kwa kalamu ya bluu,
na kila Ijumaa daftari linapanda basi kwenda Mbeya
ndani ya mfuko wa sukari.

Ndipo nikatumwa na kisanduku.
Ukubwa wa nusu mche wa sabuni,
upande huu pini tisa, upande ule tundu la mtandao,
katikati mkalimani asiyelala.
Nikakipa anwani, namba nne na nukta tatu,
nikakichomeka kwenye swichi, taa ya kijani ikacheza,
nikampigia Lusajo ofisini, kilomita sabini na ushee:
"Unaona nini?"
"Naona matusi," akasema. "Miraba. Alama za kuuliza. Herufi za nchi nyingine."

Mvua ikaongeza sauti juu ya bati.
Nilikuwa nimesahau jambo dogo:
mizani husema taratibu, biti elfu mbili mia nne kwa sekunde,
nami nilikitega kisanduku kisikilize mara nne ya hapo.
Asikilizaye kwa pupa husikia uongo wake mwenyewe.
Nikapunguza. Yaliyobaki nikayapanga kwa mdomo, kama sala:
biti nane,
bila shahidi,
kituo kimoja.

"Shahidi ndiye nani?" akauliza Ambakisye.
Nikamweleza: kuna biti ya tisa, ukiitaka.
Haibebi habari yoyote; kazi yake kuwahesabu wenzake
na kutamka kama ni shufwa au witiri,
ili mmoja akigeuzwa njiani ijulikane.
Mizani hii haina. Itakalosema ndilo litakaloaminiwa.
Akaitikia kwa kichwa. Akalitazama daftari.

"Kumi na moja nukta sita!" Lusajo akapaza simuni.
"Naiona! Safi kabisa, kumi na moja nukta sita!"
Lilikuwa tenga la Subilaga.
Nikafunua kurasa: jana, juzi, mwezi mzima wa tatu.
Subilaga 12. Subilaga 12. Subilaga 13.
Hakuna nukta hata moja katika daftari lote.

Sikuuliza.
Subilaga alisimama na nailoni mabegani,
vidole vyeusi kwa utomvu wa chai,
akingoja namba
ambayo miaka yote ilimjia kwa sauti ya mtu.

Kwenye fomu ya kazi kuna mstari: Dosari zilizobainika.
Nikaandika: kasi.
Nikaandika: imerekebishwa.

Akapandisha tenga la pili.
Kioo kikasoma tisa nukta saba, kikatetemeka,
kisha kidole gumba cha Ambakisye, chenye doa la wino,
kikatua ukingoni mwa sahani
kama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa.
Kumi.
Kisanduku kikaipokea, kikaitia bahasha, kikaituma kwa uaminifu wote:
ikapita Kiwira, ikapita Isongole penye viazi na ukungu,
ikateremka Uyole, ikaingia Mbeya
bila kupotea biti hata moja.

"Kumi kamili," akasema Lusajo. "Mashine imekaa vizuri?"

Nilikuwa nakunja waya uliobaki,
mita mbili, mita tatu,
nikijifanya nahesabu.
"Imekaa vizuri," nikamwambia.